Barua ya wazi kuhusu vimiminika vya upasuaji wa retina: namba ya toleo iandikwe, na mgonjwa apewe

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA),
na Mkurugenzi Mkuu wa Bohari ya Dawa (MSD).

YAH: UFUATILIAJI WA VIMIMINIKA VINAVYOINGIZWA NDANI YA JICHO WAKATI WA UPASUAJI WA RETINA

Waheshimiwa,

Naandika nikiwa muuguzi wa chumba cha upasuaji wa macho. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni kukabidhi: daktari ananyoosha mkono, nami nampa kifaa, bomba la sindano au kichupa, na kabla ya kumpa nasoma kilichoandikwa juu yake. Ombi langu nalitaja mapema ili msomaji mwenye shughuli nyingi asilazimike kulitafuta. Kila kimiminika, mafuta au gesi inayoingizwa ndani ya jicho wakati wa upasuaji wa retina iandikwe kwa jina lake na namba yake ya toleo (namba ya kundi la vichupa vilivyotengenezwa pamoja kiwandani, yaani “batch number”) katika rejesta ya upasuaji, katika jalada la mgonjwa na katika kadi ambayo mgonjwa ataondoka nayo. Na pawe na njia moja inayojulikana ya kutoa taarifa pale jicho lililofanyiwa upasuaji linapopoteza uwezo wa kuona bila sababu inayoeleweka. Nitakayoyaeleza hapa chini ni sababu za kuliomba hilo.

Retina ni utando mwembamba ulio nyuma ya jicho, unaopokea mwanga na kuupelekea ubongo taarifa kupitia mshipa wa fahamu. Utando huo ukichanika, majimaji hupenya kwenye tundu na kuubandua kutoka katika tabaka linaloulisha, na mgonjwa huanza kuona vimulimuli na vidoa vinavyoelea, kisha giza linaloanzia pembeni na kusonga kuelekea katikati. Zamani hali hiyo iliishia karibu kila mara katika upofu, mpaka Jules Gonin wa Lausanne, Uswisi, alipoonyesha katika miaka ya 1920 kwamba tiba ni kuliziba tundu lenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Robert Machemer na wenzake huko Miami, Marekani, walianzisha vitrektomi, yaani kuondoa ute unaojaza jicho kwa kupitia matundu madogo, na mwaka 1987 Stanley Chang alieleza matumizi ya vimiminika vyepesi kutiririka lakini vizito kwa mizani, vya jamii ya perfluorokaboni, katika upasuaji huo.

Hivyo ndivyo sisi wa chumba cha upasuaji tunavyoviita vimiminika vizito, na kinachotumika sana ni perfluorooktani. Mililita moja yake ina uzito wa takriban gramu 1.76, wakati mililita ya maji ni gramu moja tu. Ikidondoshwa juu ya retina iliyobanduka huzama, ikailaza retina kuanzia katikati kwenda pembeni kama pasi inavyolaza kitambaa, na majimaji yaliyokuwa chini yakatoka kupitia lile tundu. Kisha daktari huziba tundu kwa leza, hukiondoa kimiminika, na nafasi yake hujazwa hewa, gesi au mafuta ya silikoni. Naomba msomaji aushike muda unaotajwa hapa, kwa sababu ndio unaoshtua katika habari inayofuata: katika upasuaji mwingi kimiminika hiki hukaa jichoni kwa dakika, si kwa siku.

Mwaka 2015 madaktari wa retina nchini Hispania walikutana na jambo wasilolizoea. Upasuaji ulikwenda vizuri, retina ikalala mahali pake, lakini mgonjwa alipofunguliwa jicho hakuona. Ndani ya jicho mishipa ya damu ya retina ilikuwa imeziba na sehemu za retina zimekufa, na baadaye mshipa wa fahamu ukapauka. Wagonjwa hawa walitoka katika hospitali mbalimbali, walifanyiwa upasuaji na madaktari mbalimbali, na baadhi yao walibaki bila hata uwezo wa kutambua mwanga. Kilichowaunganisha ni perfluorooktani iliyouzwa kwa jina la Ala Octa, iliyotengenezwa Ujerumani na kubeba alama ya CE inayoruhusu bidhaa kuuzwa Ulaya. Mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Hispania, AEMPS, iliagiza matumizi yake yasitishwe, na idadi ya walioathirika nchini humo ilipita watu 100. Tukio hilo halikuwa la kwanza. Miaka miwili kabla yake, Chile ilikuwa imeshuhudia upofu baada ya upasuaji uliotumia perfluorooktani ya mtengenezaji mwingine.

Swali la kwanza ambalo kila mtu aliuliza ni jinsi kichupa chenye sumu kilivyopita ukaguzi, na jibu lake linawahusu Waheshimiwa moja kwa moja, kwa kuwa ukaguzi wetu hutegemea kwa kiasi kikubwa karatasi zinazotoka huko huko. Njia iliyozoeleka ya kupima kama bidhaa ina sumu kwa seli ilikuwa kuiloweka katika maji yenye virutubisho, kisha kuwamwagia seli maji hayo, si bidhaa yenyewe. Kwa vifaa vingi njia hiyo inatosha. Kwa perfluorokaboni haitoshi, kwa sababu kimiminika hicho hakichangamani na maji, na uchafu uliomo ndani yake hauhamii kwenye maji hayo kwa kiasi cha kudhuru; seli zinabaki hai na cheti kinatolewa. Watafiti wa taasisi ya macho ya IOBA katika Chuo Kikuu cha Valladolid, José Carlos Pastor akiwa miongoni mwao, walikifanya kimiminika chenyewe kigusane na seli za jicho la binadamu zilizooteshwa maabara, na seli zikafa. Walibaini pia kwamba sumu ilitofautiana kati ya toleo na toleo.

Jambo hilo la mwisho ndilo kiini cha barua hii. Perfluorooktani safi haina sumu kwa retina. Ni kitu kitulivu kisichotaka kuungana na kingine chochote, na ndiyo maana kilichaguliwa. Hatari iko katika usafishaji usiokamilika: molekuli ambazo bado zina haidrojeni mahali ambapo ingepaswa kuwepo florini, na mabaki ya kemikali nyingine zilizotumika kiwandani au zilizoingia baadaye. Wataalamu wamebishana kwa makala ndefu kuhusu uchafu upi hasa ndio ulioua retina za Hispania, na ubishi huo nawaachia wao. Kwa muuguzi na kwa msimamizi wa afya maana yake ni hii, kwamba jina la bidhaa halitoshi. Kichupa cha mwezi huu na kichupa cha mwezi ujao, vyenye jina moja, rangi moja ya kisanduku na bei moja, vinaweza kuwa vitu viwili tofauti, na kinachovitenganisha ni namba ya toleo peke yake.

Sasa naomba tuyatazame mazingira yetu. Madaktari wa Hispania waligundua tatizo kwa sababu walikuwa na haki ya kutarajia matokeo mazuri, na matokeo mabaya yalipokuja yalijitokeza waziwazi. Kwetu hali ni tofauti. Mgonjwa wa retina mara nyingi hutufikia amechelewa. Ameanzia zahanati akapewa matone, ameambiwa asubiri mtoto wa jicho akomae ilhali tatizo si mtoto wa jicho, ametafuta nauli na mtu wa kumsindikiza, na anapofika katika mojawapo ya hospitali chache zenye huduma hii, kama Muhimbili, KCMC au CCBRT, sehemu ya katikati ya retina imekwisha kubanduka na makovu yameanza kuikunja. Jicho la namna hiyo lisipoona baada ya upasuaji, hakuna anayeshangaa. Tunaandika kwamba mgonjwa alichelewa, ndugu wanakubali, daktari anakubali, na mara nyingi ndivyo ilivyo kweli. Lakini maelezo hayo hayo yangetosha kabisa kukificha kichupa chenye sumu. Sisemi kwamba kimewahi kutumika hapa nchini. Nasema kwamba kingetumika, utaratibu tulio nao usingetuonyesha.

Uchache wa upasuaji wenyewe unaongeza ugumu. Hospitali inayofanya upasuaji wa retina mara chache kwa wiki itatumia vichupa vichache vya toleo moja, na pengine mmoja tu kati ya wagonjwa wake ndiye atakayepata madhara yasiyoelezeka. Mgonjwa mmoja ni bahati mbaya. Mgonjwa mmoja Dar es Salaam, mwingine Moshi na wa tatu Nairobi, wote wakiwa wametumia toleo lile lile, ni taarifa. Lakini itakuwa taarifa pale tu patakapokuwa na mahali ambapo watatu hawa wanakutana kwenye karatasi. Kwa sababu hiyo naamini Bodi ya Famasia na Sumu ya Kenya na mamlaka za nchi nyingine za Jumuiya ya Afrika Mashariki zinapaswa kubadilishana taarifa hizi na TMDA moja kwa moja.

Na namba ya toleo iko wapi leo? Ipo kwenye kichupa na kwenye kisanduku, na vyote viwili huingia kwenye pipa la taka kabla mgonjwa hajavuka mlango wa chumba cha upasuaji. Watengenezaji wengi huweka ndani ya kisanduku stika ndogo za kubandua kwa kusudi hili hili. Kwa lenzi inayopandikizwa wakati wa upasuaji wa mtoto wa jicho tumezoea: stika inabanduliwa, inabandikwa kwenye jalada, na muuguzi asiyeibandika anaulizwa. Desturi hiyo haikuhitaji mashine wala semina ya siku tano. Kwa kimiminika, kwa kuwa kitatolewa jichoni kabla upasuaji haujaisha, tumejiaminisha kwamba hakihitaji kumbukumbu. Hispania imetufundisha kwamba dakika chache zinatosha kuiua retina, kwa hiyo kigezo cha kama kitu kinabaki mwilini au kinaondolewa hakifai kutumika hapa. Hata Ulaya, ambako Kanuni ya 2017/745 iliyoanza kutumika kwa vifaa tiba tarehe 26 Mei 2021 inataka mgonjwa mwenye kipandikizi apewe kadi ya kipandikizi hicho, mantiki ya kadi ni ya vitu vinavyobaki mwilini. Sisi tunaweza kuandika utaratibu wetu kwa upana zaidi, na gharama yake ni wino.

Katika hospitali za serikali zinazotumia GoT-HoMIS, mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za hospitali, naomba iongezwe sehemu katika kumbukumbu ya upasuaji wa macho ambayo haitaruhusu ukurasa kufungwa mpaka namba ya toleo iingizwe. Wenye uzoefu watasema wauguzi watajaza namba yoyote ili waendelee na kazi. Wengine watafanya hivyo. Ndiyo sababu nataka stika ya kweli ibandikwe pia kwenye jalada la karatasi, maana stika haibuniwi.

Kadi ya mgonjwa ina kazi nyingine ambayo kwa maoni yangu ingeokoa macho mengi kuliko hata utafutaji wa matoleo yenye sumu. Mafuta ya silikoni, ambayo Paul Cibis wa Marekani aliyaingiza katika upasuaji wa retina mwaka 1962, hayaondolewi siku ya upasuaji. Huachwa jichoni yaishikilie retina, na katika hali za kawaida daktari hupanga kuyaondoa baada ya miezi kama 3 hadi 6, ingawa yapo macho ambayo huachiwa mafuta kwa makusudi kwa muda mrefu zaidi. Yakikaa bila kufuatiliwa huleta mtoto wa jicho, hupandisha presha ya jicho kiasi cha kuharibu mshipa wa fahamu, na huvunjika kuwa matone madogo sana ambayo, kwa kuwa ni mepesi kuliko maji, hupanda na kukusanyika sehemu ya juu ya chemba ya mbele ya jicho na mwishowe kuiharibu konea, yaani kioo angavu cha mbele ya jicho. Mafuta yenye mnato mdogo, wa sentistoki 1,000, huelekea kuvunjika mapema kuliko yenye mnato mkubwa, wa 5,000, na usafi wa mafuta, hasa kiasi cha molekuli fupi zilizobaki ndani yake, nao una sehemu yake. Hapa tena toleo na daraja la bidhaa si jambo la kupuuzwa.

Mgonjwa anayetoka Songea au Kigoma na ambaye ameanza kuona kidogo hajui kwamba ndani ya jicho lake kuna kitu chenye muda. Aliambiwa arudi, lakini aliambiwa siku ambayo alikuwa amefungwa jicho, ana maumivu, na anawaza nauli. Akipata presha ya jicho miezi minane baadaye, atakwenda kituo cha karibu, na mtoa huduma wa pale hatakuwa na njia ya kujua kwamba jicho hilo lina mafuta, ya aina gani, na tangu lini. Kadi ya kiganja kimoja, yenye jina la kimiminika, namba ya toleo, tarehe ya upasuaji, tarehe iliyopangwa ya kuondoa mafuta na namba ya simu ya kliniki, ingemwambia yote hayo.

Gesi inastahili aya yake fupi. Salfa heksafloridi hukaa jichoni takriban wiki mbili, perfluoropropani takriban miezi miwili, na zote mbili huchanganywa na hewa kwa uwiano maalumu, kwa sababu gesi isiyochanganywa hutanuka ndani ya jicho na presha ikipanda sana huzuia damu isiifikie retina. Mgonjwa mwenye gesi hapandi ndege, na akihitaji upasuaji mwingine wa mwili hapewi dawa ya usingizi yenye gesi ya naitrasi oksaidi, kwani gesi hiyo huingia kwenye povu lililo jichoni na kulitanua. Wapo wagonjwa duniani waliopofuka kwa njia hiyo hiyo. Onyo la ndege tunalitoa, lakini wagonjwa wetu wengi hawapandi ndege, wanapanda basi. Anayetoka Dar es Salaam, usawa wa bahari, kwenda Mbeya, mita takriban 1,700 juu, anapita katika mabadiliko ya kanieneo ambayo kwa kanuni za fizikia yangeitanua gesi kwa zaidi ya sehemu moja ya tano. Jambo hili lingefaa kuandikwa nyuma ya kadi kwa maandishi makubwa, na daktari atamke kabla ya kumruhusu mgonjwa kama safari hiyo isubiri.

Narudi kwenye mamlaka. TMDA, ilipokuwa bado ikiitwa TFDA, ilitambuliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 kuwa imefikia ngazi ya tatu ya umahiri wa udhibiti wa dawa, ya kwanza kufanya hivyo barani Afrika, na sisi tulio chini kabisa ya mnyororo huo tunajivunia jambo hilo. Kila muuguzi anaijua fomu ya njano ya kuripoti madhara ya dawa. Lakini kimiminika cha retina kisheria huhesabiwa kuwa kifaa tiba, kwa kuwa kinafanya kazi kwa uzito wake na si kwa kuubadili mwili kama dawa, na muuguzi anayeijua fomu ya njano anaweza asijue kwamba kwa kichupa hiki anapaswa kupita njia nyingine. Naomba tofauti hiyo isiwe mzigo wa muuguzi. Wodi iwe na njia moja ya kuripoti, na anayepokea taarifa ndiye aamue iende idara gani. Na kigezo cha kuripoti kiwe chepesi kukumbukwa: retina imelala mahali pake, lakini ndani ya siku chache mgonjwa anaona vibaya zaidi kuliko alivyoona kabla ya upasuaji, na daktari haoni sababu inayoieleza hali hiyo. Hapo taarifa itumwe, na kichupa chenye mabaki, pamoja na vichupa vya toleo hilo ambavyo havijafunguliwa, vitengwe na kuhifadhiwa. Bila kichupa, maabara yoyote itakayoombwa msaada haitakuwa na cha kupima.

Kwa upande wa usajili na ununuzi, ombi langu ni kwamba alama ya CE isipokewe tena kama jibu la mwisho kwa bidhaa za aina hii. Kiwango cha kimataifa kinachohusu vitu vinavyojaza jicho wakati wa upasuaji wa retina, ISO 16672, kilitolewa upya mwaka 2020, na mwagizaji aulizwe bidhaa yake imepimwa kwa toleo lipi la kiwango hicho. Aulizwe pia kama kipimo cha sumu kilifanywa kwa kimiminika chenyewe kugusana na seli, au kwa maji yaliyolowekwa bidhaa. Kila shehena iambatane na cheti cha uchambuzi wa toleo husika, si cheti cha jumla cha bidhaa kilichotolewa miaka kadhaa iliyopita. Maswali haya yanaweza kuulizwa na ofisa yeyote mwenye barua pepe, na mtengenezaji makini atakuwa na majibu tayari, kwa sababu baada ya 2015 wateja wake wa Ulaya wamekwisha kumuuliza.

Utaratibu huo uzifikie pia kambi za macho. Wageni wanaokuja kutusaidia tunawashukuru, na upo upasuaji ambao bila wao usingefanyika, lakini vichupa vinavyoingia nchini ndani ya masanduku ya safari ni vichupa kama vingine, na vingi huwa vinakaribia mwisho wa muda wake. Vikaguliwe, viandikwe, na daktari mgeni aache orodha ya namba za matoleo katika hospitali iliyompokea kabla hajaondoka. Aidha naomba Wizara itoe tamko lililo wazi kuhusu kugawana kichupa kimoja kwa wagonjwa zaidi ya mmoja. Najua kishawishi chake: bei ni kubwa, kichupa kina mililita kadhaa, na mgonjwa wa kwanza amebakisha nusu. Kichupa kilichofunguliwa kimepoteza usalama wake dhidi ya vijidudu, na kikigawanywa katika mabomba ya sindano yasiyo na lebo kimepoteza pia historia yake. Lakini katazo likitolewa bila kuongeza fungu la kununulia vichupa, litakuwa limewatupia watu wa chumba cha upasuaji tatizo la bajeti, na watalitatua kimyakimya.

Nimesikia hoja kwamba kuyazungumza haya hadharani kutawatisha wagonjwa. Siipuuzi, kwa sababu mgonjwa anayekimbia upasuaji wa retina kwa hofu ya kimiminika amechagua hatari kubwa zaidi: retina iliyobanduka isipotibiwa, kwa wagonjwa walio wengi, huishia katika upofu wa jicho hilo. Vimiminika hivi vimewarudishia watu wengi sana uwezo wa kuona, na jambo baya kuliko yote ambalo barua hii ingeweza kusababisha ni kusimamishwa kwa matumizi yake kwa agizo la haraka, vichupa vikazuiwa bandarini na wagonjwa wakasubiri huku retina zao zikikunjamana. Siombi katazo. Naomba kumbukumbu, ambayo ndiyo inayowezesha katazo, likihitajika siku moja, liguse toleo moja badala ya kusimamisha huduma nzima.

Hoja nyingine husemwa kwa sauti ya chini, nayo ni kwamba taarifa za namna hii zitageuzwa kuwa silaha dhidi ya madaktari. Hapa Wizara inaweza kusaidia kwa kusema mapema, kwa waraka, kwamba taarifa ya jicho lililopoteza kuona bila sababu inayoeleweka ni taarifa kuhusu bidhaa mpaka itakapothibitika vinginevyo, na kwamba aliyeitoa hataadhibiwa kwa kuitoa. Daktari anayeogopa kuitwa kwenye kamati ataandika kwamba mgonjwa alichelewa. Nchini Hispania madaktari waliozungumza ndio waliowalinda wenzao, kwa kuwa mpaka kimiminika kilipotajwa, kila mmoja wao alibaki akijiuliza amekosea wapi katika upasuaji ambao hakuukosea. Vipo pia visa vya kupotea kwa uwezo wa kuona ambavyo havina mhalifu: macho kadhaa yaliyojazwa mafuta ya silikoni, kwa mfano, yamepoteza sehemu ya uwezo wa kuona bila mtu yeyote, katika nchi zenye maabara bora kabisa, kueleza kikamilifu kwa nini. Rejesta haitaondoa fumbo hilo, lakini itatuwezesha kujua ni mara ngapi linatokea kwetu.

Kama tahadhari itatolewa kesho kutoka Ulaya, India au kwingineko kuhusu toleo fulani la kimiminika, TMDA itaipata na kuitangaza. Hilo silitilii shaka. Baada ya hapo tangazo litateremka kutoka ofisi hadi ofisi kwa barua, na kuna uwezekano mkubwa litafika kabatini kwetu baada ya kichupa kutumika. Idadi ya hospitali zinazofanya upasuaji wa retina Tanzania Bara na Zanzibar ni ndogo kiasi kwamba orodha ya simu za wauguzi viongozi wa vyumba hivyo ingeenea kwenye ukurasa mmoja. Naomba orodha hiyo itengenezwe, na tahadhari itumwe kwao siku ile ile inapopokelewa, sambamba na barua rasmi.

Najua kwamba kubadili kanuni huchukua muda, na sehemu ya haya itahitaji vikao. Masharti ya zabuni hayahitaji kusubiri. Ununuzi ujao wa vimiminika vya retina, uwe kupitia Bohari ya Dawa, kwa mshitiri (msambazaji binafsi aliyeteuliwa kuziuzia hospitali za umma) au kwa muuzaji mwingine binafsi, unaweza kutaka cheti cha kila toleo, aina ya kipimo cha sumu kilichofanywa, na stika zisizopungua tatu ndani ya kila kisanduku: moja ya rejesta, moja ya jalada, moja ya kadi ya mgonjwa. Rasimu ya kadi hiyo, pande zote mbili, ninayo, na nitaiwasilisha katika ofisi yoyote kati ya tatu zilizotajwa juu ya barua hii nitakapoelekezwa.

Wenu mtiifu katika kazi,

Muuguzi wa chumba cha upasuaji wa macho,
Dar es Salaam